Mbwa wa Chini ya Benchi

Nimewauliza wengi wa rika langu kama wanakikumbuka kile kipindi cha runinga cha watu wa benchi, nao hunitazama kama mtu aliyesahau kumeza dawa zake. Mieleka wanaikumbuka. Mpira wanaukumbuka, hadi nani alikosa penalti. Vichekesho wanaweza kukuigizia mwanzo mpaka mwisho, na sauti wabadilishe. Lakini watu wa benchi? Ndugu yangu mmoja aliniambia huenda niliota, nami nikakasirika kweli, maana kipindi hicho nilikipenda kuliko vyote nilivyopata kuona, na mtu haambiwi hivi hivi tu kwamba alichokipenda hakikuwako.

Kilikuwako. Kilionyeshwa kila Jumatano saa moja na nusu jioni, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa nafundisha shule ya msingi pale Mwingi. Watu watatu walikaa kwenye benchi nje ya dispensari wakimngoja daktari: mzee mwenye bahasha ya eksirei ambayo hakuifungua hata siku moja, mama mwenye kikapu, na kijana aliyefungwa bendeji kidoleni. Mara moja au mbili dirisha dogo lilifunguka, nesi akatoa kichwa, akasema, "Subirini kidogo," akalifunga. Basi. Nusu saa ikaisha. Daktari hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata, wala nyingine yoyote. Nyuma yao palikuwa na kilima kilichochorwa kwenye kitambaa, na yule mama akiegemea vibaya, kilima kilitikisika.

Nakubali kilikuwa kibovu. Hata bendeji ya kijana ilikuwa ikihama, leo kidole hiki, wiki ijayo kile. Lakini walivyozungumza! Walizungumza juu ya jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, juu ya njia nzuri ya kuhifadhi maharagwe yasiliwe na wadudu, juu ya marehemu fulani ambaye wote watatu walimjua na kila mmoja alimjua tofauti. Mimi siku nzima niliishi kwa kengele. Kengele ya kuingia, kengele ya kutoka, kengele ya uji. Nilipofika nyumbani nilitaka kukaa na watu wasio na haraka, na wale hawakuwa na haraka hata chembe.

Sikupata mwenzangu. Runinga yangu ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe yenye chenga, na ilitumia betri ya lori kwa sababu ploti tuliyopanga haikuwa na stima. Betri niliipakia kwenye wilibaro na kuisukuma hadi gereji ya kando ya barabara ya Garissa ili ichajiwe. Jumamosi chumba kilijaa majirani waliokuja kutazama mieleka. Jumatano walichungulia mlangoni, wakaona benchi, wakageuka.

"Mwalimu, hao bado wanangoja?" mmoja aliniuliza. "Si wangekuwa wamekufa tayari?"

Mke wangu naye alinilaumu kwamba namalizia betri wagonjwa wasiougua. Wakati wa kipindi alichukua kazi yake ya kufuma akaenda kukaa nje. Nikazoea kutazama peke yangu, na siwezi kusema nilifurahi. Kitu unachokipenda peke yako huanza kukutia wasiwasi kwamba pengine wewe ndiye mwenye kasoro.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kutoka Tseikuru. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alitambua mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni alimwona kama kivuli, zaidi ya hapo hakuna. Tulimleta Mwingi ili awe karibu akisubiri zamu yake ya kupasuliwa hospitalini kule Kitui.

Sasa, kwetu Ukambani, mwanamume na mama mkwe wake wana heshima yao, tunaiita nthoni. Hawakai chumba kimoja. Hawalali nyumba moja wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Mchungaji wetu alishahubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe wangu alikuwa wa kanisa hilohilo, na alikuwa akikaa mstari wa mbele, lakini mahubiri hayo aliyasikiliza kwa adabu akayaacha palepale kanisani. Mimi pia sikuwa na ujasiri wa kumzidi. Kwa hiyo mke wangu alimwombea chumba cha pili kutoka kwa jirani yetu, mjane Mwislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Chumba hicho na sebule yetu vilitenganishwa na ukuta mmoja.

Ukuta wenyewe, kama kuta zote za ploti ile, haukufika juu. Uliishia futi mbili hivi chini ya mabati, mwenye nyumba akibana matofali. Jirani akikohoa, wewe ndiye unayeambiwa pole.

Jumatano ya kwanza nilikuwa nimekaa na watu wangu wa benchi, nesi amekwisha kufunga dirisha, niliposikia kicheko upande wa pili. Yule mzee wa bahasha alikuwa amesema kwamba mkewe wa kwanza alikuwa mkali lakini chai yake ilikuwa na maziwa, na hapo ndipo mama mkwe wangu alipocheka. Kiswahili alikijua vizuri kwa kuwauzia wafanyabiashara mbuzi miaka mingi. Nilitulia, nikaongeza sauti kidogo. Akacheka tena, mahali hasa ambapo mimi pia nilikuwa nacheka.

Kipindi kilipoisha alisema kwa sauti juu ya ukuta, kwa Kikamba, "Mwalimu, hao watu watarudi?"

"Watarudi Jumatano, mama."

"Nimengoja dispensari maisha yangu yote," akasema. "Hivyo ndivyo tunavyoongea."

Nilifurahi nusura niimbe. Kuanzia siku hiyo tukawa wawili. Yeye alikaa upande wake kwenye kigoda, nami upande wangu, migongo yetu karibu kugusana kama si ule ukuta. Maneno aliyasikia, ila picha hakuwa nayo, kwa hiyo aliniuliza.

"Sasa wanafanya nini?"

"Wamekaa, mama."

"Bado?"

"Bado."

Wiki ya tatu aliuliza mara nne, na mara zote jibu lilikuwa hilo. Nikasikia akipiga mwayo. Wallahi, mwayo ule uliniogopesha. Niliwaza, huyu naye atachoka, atachukua kigoda chake akaketi nje na binti yake, nami nitabaki na benchi langu kama zamani. Kabla sijafikiri mara mbili nikasema, "Kuna mbwa chini ya benchi."

"Mbwa?"

"Mbwa mdogo. Amelala."

Binti yangu wa miaka minane alikuwa sakafuni akichora. Aliinua kichwa akaitazama runinga, akanitazama mimi. "Baba, wacha uongo. Si hakuna mbwa hapo."

Nilimziba mdomo kwa kiganja, halafu nikachota njugu karanga kwenye bakuli nikamtilia mkononi. Alizitafuna polepole huku amenikazia macho, akijua amepata biashara. Toka siku hiyo kila Jumatano alikaa karibu na bakuli.

Na mbwa akakua. Mama mkwe alimpenda kupita kiasi. Alitaka kujua kama amekula, nami nikasema yule mama wa kikapu amemkatia kipande cha chapati. Alitaka kujua kama ana mwenyewe, nikasema hana. Wiki moja nilimpa jeraha mguu wa nyuma, kwa kuwa siku hiyo mazungumzo ya benchi yalikuwa makavu kweli, na mama mkwe akasikitika hadi nikajilaumu. Nilipanda pia mgunga kando ya ukuta wa dispensari ili wapate kivuli. Mchana darasani nilikuwa nikiwachapa watoto kwa kudanganya, jioni narudi nyumbani kuendeleza mbwa.

Halafu zamu yake ikafika. Mke wangu alimpeleka Kitui, wakakaa huko zaidi ya wiki, na waliporudi macho yalikuwa yanaona. Nilikuwa shuleni alipowasili. Niliambiwa alisimama uani akahesabu kuku wa jirani wote, kisha akamwambia binti yangu kwamba ana pua ya babu yake. Kila mtu alilia kwa furaha. Mimi pia nilifurahi, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini chini ya furaha hiyo nilikuwa nahesabu siku, kwa sababu ilikuwa Jumatatu.

"Mama anataka kuwaona watu wake wa benchi," mke wangu akaniambia usiku huo, akicheka. "Na huyo mbwa wenu."

Nilieleza kwamba haiwezekani, nthoni, hawezi kuingia sebuleni. Sijawahi kuitetea mila kwa bidii namna ile. Mke wangu alikuwa ameshafikiria. Runinga itawekwa mezani mlangoni, ielekee uani. Mama atakaa nje, mimi nitabaki ndani, nyuma ya runinga. Hatutaonana uso kwa uso.

Jumatano hiyo nilisema betri imekwisha. Ilikuwa imejaa. Niliuchomoa waya mwenyewe, nikaingiza mikono mfukoni kama fundi aliyeshindwa. Mama mkwe alisema hakuna neno, tutangoja, tumezoea. Sikulala vizuri wiki ile. Mtu mzima, mwalimu, nimemtungia mkwe wangu hadithi juu ya macho yake yasiyoona. Angeniona mtu wa namna gani? Angedhani nilikuwa namcheka. Na zaidi ya aibu, ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumpoteza. Katika Mwingi nzima nilikuwa na mwenzangu mmoja.

Jumatano iliyofuata mke wangu aliisukuma wilibaro hadi gerejini na kurudi nayo yeye mwenyewe. Sikuwa na kisingizio. Saa moja na robo tuliinua meza hadi mlangoni, nikaunganisha waya, nikarudi nyuma nikakaa kwenye kiti changu nikiangalia mgongo wa runinga, matundu yake yenye vumbi, waya mwekundu na mweusi. Uani nilisikia kigoda kikiwekwa chini. Binti yangu alikaa karibu na bibi yake. Watoto wa majirani walikuja mbio, wakaona ni watu wa benchi, wakaondoka.

Muziki ukalia. Nesi akasema subirini kidogo. Yule mzee akaanza kisa cha fahali aliyekataa kuvuka mto. Kilikuwa kisa kizuri, nami sikusikia hata nusu yake. Nilikuwa nasikiliza uani. Mama mkwe hakucheka. Dakika zilipita, nikajua sasa anaona kila kitu: benchi, ukuta mtupu, kilima cha kitambaa. Mgunga hakuna. Nilitamani betri ife kweli.

"Mwalimu," akaita.

"Naam, mama."

"Huko nyuma wewe huoni."

"Sioni, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kwenye runinga kijana alikuwa akimwuliza mzee kama fahali mwishowe alivuka.

"Basi nikuambie," akasema. "Wamekaa."

"Bado?" nikauliza.

"Bado. Na jua limewafikia. Hata hivyo pana ule mgunga, umewasaidia kivuli."

Nilishika kingo za kiti. Nimekaa na watu wengi wenye kisomo tangu siku hiyo, na sijui hata mmoja ambaye angenitendea hivyo. Miezi michache baadaye kipindi kilitolewa hewani bila tangazo, na nadhani hakuna aliyelalamika isipokuwa sisi wawili. Yeye alirudi Tseikuru kwa mbuzi wake, na kila alipokuja kututembelea, hadi miaka yake ya mwisho, alikaa upande wa pili wa ukuta akaniuliza wale watu wanaendeleaje. Nilimweleza, naye akanieleza. Daktari hatukumruhusu aje.

Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Nilikuwa tu nyuma ya runinga, machozi yananitoka, nikisikiliza uani.

"Na mbwa yuko chini ya benchi," mama mkwe akaendelea. "Ule mguu umepona. Anautembelea."

"Susu," binti yangu akamwuliza bibi yake, "mbwa gani?"

Ukuta ule haukufika juu, na miezi yote hiyo, mimi mwalimu, sikuwa nimejiuliza ulikuwa unapitisha nini kingine, hata maneno ya mtoto. Nikasikia fundo la leso ya mama mkwe likifunguliwa, halafu njugu zikimiminwa katika kiganja cha mtoto.