Mkono wa Shati Uliobaki

Siku baba yangu alipochukuliwa, alikuwa amesimama katikati ya chumba akijaribu shati. Mama alikuwa amekwisha kuunga mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado mezani, umetiwa chaki. Watu wenye bunduki hawakubisha hodi. Baba alitoka mbele yao na shati lile la mistari ya buluu, bega moja limefunikwa, jingine wazi, na mama akabaki ameshika kipande cha nguo kilichokosa mwenyewe. Wengi waliomjua mama ugenini hudhani maisha yake yalianzia hapo. Lakini mtu hazaliwi siku ya msiba wake, na ni haki yake yasimuliwe tangu mwanzo.

Alizaliwa kitindamimba katika nyumba ya seremala, ng'ambo ya barabara inayolitazama kanisa. Mama yake alikuwa akishona vitambaa vya altare, na pedali ya cherehani ndiyo iliyombembeleza utotoni. Inasimuliwa kwamba siku moja jirani alijifungua bila hata kipande cha nguo cha kumfunika mtoto, na binti huyu, ambaye mkasi ulikuwa bado unamzidi kiganja, alilichukua gauni lake la Jumapili akalikata ampelekee. Watu walingoja kusikia kilio cha fimbo. Mama yake aliligeuza lile gauni upande huu na upande ule, akasema, "Umekata vibaya. Kaa nikuonyeshe." Tangu siku hiyo hakuacha tena ufundi, na mwenyewe alisema kwamba aliitwa na Mungu kwa maneno hayo, kwa kuwa hakusikia mengine.

Aliolewa na mpaka rangi mmoja, mtu mrefu mwenye maneno mengi na ngazi mbovu, wakajaliwa mtoto mmoja, ndiye anayeandika haya. Vita vilipoingia mwaka wa pili, waliotawala mji walianza kuwatafuta watu ambao babu zao walihamia kutoka upande wa pili wa mto. Sisi hatukuwa miongoni mwao. Mkuu wa askari alileta jora la kitambaa chekundu akalitua juu ya meza ya mama. Alitaka vitambaa vya kufungwa mkononi, ili kila mtu wa ukoo ule ajulikane akiwa njiani.

"Fundi, kazi nyepesi hii," alisema. "Hata kola haina."

Mama aliupapasa ukingo wa jora, kama alivyofanya kwa kitambaa chochote. "Mimi hushona nguo za kumvika mtu, mkuu. Hii haimvishi. Inamvua."

"Usinichekeshe. Mtoto mdogo angeishona."

"Basi kamtafute mtoto mdogo."

Baba, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya chokaa, alicheka kwa sauti. Mkuu alimtazama, akabeba jora lake, akaondoka. Kesho yake ndipo walipomjia baba. Mama hakutubu kwa kukataa kwake, wala hakujisifu. Aliposikia watu wakisema alikuwa jasiri, aliinuka akaenda kutafuta kitu chumba cha pili, hata huko ugenini ambako hapakuwa na chumba cha pili.

Alikimbia wiki ileile, pamoja na wale ambao mikono yao ilikuwa inasubiri kufungwa vitambaa. Meza na pedali aliviacha. Kichwa cha cherehani alikifunga mgongoni kwa khanga, na mwanawe akamshika mkono. Mlinzi wa mpakani alishangaa. "Mama, watu hubeba mtoto mgongoni na chuma mkononi. Wewe umegeuza?" Mama alimjibu kwamba mtoto ana miguu. Mlinzi alicheka, akamsaidia kuinua mzigo, na mama akavuka.

Huko tulikofikia tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma chakavu. Dirisha lake lilitazama ukuta. Kichwa cha cherehani kilifungwa kwenye ubao wa mlango wa zamani, na mama akakizungusha kwa mkono, akishona suruali za shule na mapazia ya watu. Ule mkono wa shati aliutundika kwenye msumari kando ya dirisha. Hakuwa na shoga wala ndugu. Wateja walileta nguo, wakachukua nguo, wakamwita fundi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikaa miaka bila kutamkwa na mtu. Jioni alikula akiwa amesimama, kana kwamba kiti ni cha anayekuja.

Kila mwaka, mwezi ule aliochukuliwa baba, alikata shati jipya kwa vipimo vyake, ambavyo hakuhitaji kuviangalia popote. Mwaka ukiisha na mwenyewe hajaja, shati lilikwenda kwa mkimbizi wa kwanza ambaye lilimtosha, naye akaanza jingine. Kanisani kulikuwa na desturi ya kumtajia katekista watu wa kuombewa kabla ya misa: wagonjwa, wasafiri, marehemu. Mama alimtaja mumewe kwa wasafiri. Katekista, mtu mwema asiyependa kuuliza sana, akaelewa kwamba huyo ni dereva wa malori, akawa akimwombea breki na matairi miaka nenda rudi. Kuna mama mmoja wa kwaya aliyemtania, "Fundi, lori la mumeo linavutwa na kobe?" Mama alitabasamu. Hakumsahihisha yeyote.

Kisha vita vile viliwageukia hata waliovianzisha, nao wakaanza kukimbia. Alasiri moja ya mvua katekista alimleta mtu aliyejifunika gunia, hana shati. Nilimjua kwa unyusi wake uliokatika. Ndiye aliyeushika mlango wetu na bunduki siku ile. Mama pia alimjua. Yeye hakutujua, mpaka macho yake yalipofika kwenye msumari. Akakaa chini palepale kwenye vipande vya nguo.

"Ule mkono," alisema.

"Mwenzake uko wapi?" mama akauliza.

"Hakufika mbali, mama. Pale darajani. Waliwaamuru wavue mashati. Yeye akakataa. Alisema hawezi kulivua, fundi hajamaliza."

Mvua ilipiga mabati. Mama alilitoa shati la mwaka ule sandukuni akamvisha. Mabega yalimkaa. Mikono ilimfunika vidole. Nilimwambia, "Mama, huyu?" Akasema, "Ana baridi." Yule mtu alitaka kutoka hivyo hivyo, mama akamshika kwapani. "Kaa. Mikono ni mirefu." Mama akaketi, akafumua, akapunguza, akashona tena.

Jumapili alimwambia katekista amtoe mumewe kwa wasafiri. Katekista alipiga makofi. "Dereva amerudi!" Wanakwaya wakapiga vigelegele. Mama alingoja vikaisha. "Mweke kwa marehemu," alisema.

Aliendelea na mashati yake, ila sasa hayakuwa na kipimo cha mtu mmoja. Aliaga dunia mwaka huu, asubuhi moja, kwa ugonjwa wa kifua, na tulimzika na ule mkono wa mistari chini ya kiganja chake. Watu waliopokea mashati husema kila mmoja lilimtosha kama aliyepimwa, na huo wanauita muujiza. Mimi nilimwona akifumua na kushona upya, mgeni akingoja kitini, na sioni kwamba muujiza umepungua kwa hilo. Atakayetaka kumfuata asianze na mpakani wala na bunduki. Aanze na aliyekaa mbele yake, na mikono iliyo mirefu.

Cherehani iko palepale kwenye ubao. Shati alilolikata kwa mwaka huu lina mikono yote miwili, bado vifungo. Katekista amesema wageni wengine watafika Alhamisi. Vifungo ninashona mimi.