Trela la Mama Mkwe

Mtu akiniuliza habari ya kununua trela la kulala, lile linalofanana na nyumba ndogo yenye magurudumu mawili, jambo la kwanza ninalomwambia ni asitazame rangi. Abonyeze kuta kwa kidole gumba, hasa kandokando ya madirisha na pembe za paa. Ukuta ukibonyea kama mkate uliolowa chai, aage aende zake. Mimi nilitazama rangi. Lilikuwa jeupe lenye mstari wa bluu, limekaa miaka chini ya turubai karibu na mto kule Jinja, na mgeni aliyeliacha alikuwa amesharudi kwao. Nikalipenda papo hapo, nikalinunua na uozo wake.

Sikulinunua kwa ajili ya kustarehe. Sijaelewa mpaka leo raha anayoipata mtu mwenye nyumba kwenda kulala porini. Nilikuwa askari magereza miaka ishirini na sita, nimelala kwenye mahema na mabanda ya kunitosha. Nililinunua kwa sababu ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mjane wa polisi, akiishi peke yake mlimani, juu ya mji wa Mbale, na mtoto wake mmoja aliyebaki alikuwa mke wangu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Maji yalimjaa miguuni, na daktari akaagiza aonekane kliniki mjini kila Alhamisi, bila kukosa. Barabara ya kwake ni udongo mtupu. Mvua ikinyesha, hakuna boda boda anayekubali kupanda. Sisi tulikuwa tumepanga nyumba Nkoma, pale mjini, na kutoka kwetu kliniki ni mwendo wa miguu.

Utasema, basi si akae kwenu? Wewe hujaoa mlima ule. Mimi ni mtoto wa Walukuba, kule Jinja, baba yangu alitoka kaskazini kuja kufanya kazi kiwandani, na tulikulia kwenye zile nyumba za wafanyakazi tukimwita kila mwanamke mama. Nilipooa ndipo nilipofundishwa adabu. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hali mbele yake, hampi mkono, hamtaji jina. Nilipokuwa nikienda kumsalimu, alikuwa akiacha njia na kusimama katikati ya migomba hadi nipite. Aliniita "afande", na hata hiyo afande hakuniambia mimi, alimwambia binti yake.

Tulijaribu mengi. Nilisema nitahama, nilale kwa rafiki, wao wabaki. Akamuuliza binti yake, "Na kitanda ya afande itahama pia?" Tukampangia chumba Namatala, bondeni mwa mji. Mvua ya kwanza tu, maji yakaingia hadi magotini, akakaa juu ya meza mpaka yalipopungua. Kujenga hatukuruhusiwa, mwenye nyumba alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba hataki hata banda la kuku uani. Ila habari ya magurudumu hakuandika.

Rafiki yangu mwenye pikapu alikubali kulivuta kutoka Jinja. Hapo nikajifunza jambo la pili, kwamba mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu, usiuweke nyuma kabisa. Watu wa Walukuba waliposikia naenda Mbale na chombo chenye nafasi, kila mmoja aliyekuwa na ndugu huko alileta kifurushi. Gunia la makaa, sufuria, mihogo, cherehani. Unamkataliaje mtu aliyekulea? Tukavipanga nyuma, karibu na mlango, ili vishuke upesi. Tulipoingia barabara ya Tirinyi trela likaanza kutikisa mkia kama mbwa aliyeona nyama, likaivuta pikapu huku na huku, na rafiki yangu akanitukana kwa lugha tatu. Tulisimama kando ya mashamba ya mpunga, tukahamisha kila kitu. Likatulia.

Nililiweka uani Nkoma, chini ya dirisha la jikoni. Kabla ya kulifungua kwenye gari niliziba magurudumu kwa mawe, mbele na nyuma, na hilo nalisisitiza kwa kila mtu, kwa sababu trela lililofunguliwa bila mawe linaondoka na kwenda linakotaka. Mama mkwe akaja kulikagua. Nikajificha nyuma ya nyumba, kama inavyonipasa. Nilimsikia akigonga gurudumu kwa fimbo yake.

"Hii hapana nyumba," akasema hatimaye. "Hii ni gari. Kwa gari mimi naweza lala."

Nilifurahi hadi nikajionea haya. Mzee mzima, nimesimama nyuma ya tangi la maji, nacheka peke yangu.

Sasa sikiliza shida yangu. Pale uani mtu aliyelijua trela lile alikuwa mmoja tu, mimi. Na mtu aliyekatazwa kuingia ndani yake alikuwa huyo huyo. Tangu siku aliyotandika kitanda chake mle, likawa chumba cha mama mkwe, na mimi nisingeweza hata kuchungulia. Siku ya pili alilalamika. Mke wangu akaja kuniambia, "Mama anasema kichwa kiko chini, miguu iko juu." Nikaingia chini ya trela na jeki. (Ile miguu ya pembeni ni ya kulizuia lisitikisike tu. Ukiinulia trela kwa miguu hiyo, utaipinda, mimi niliupinda mmoja.) Kwa kawaida unaweka beseni la maji sakafuni, ukaona yanakoelekea. Beseni ningeliweka vipi? Nikawa nimelala chali kwenye majani, yeye ameketi juu yangu, sakafu ya ubao katikati yetu, na mke wangu mlangoni akipeleka maneno.

"Anasema bado."

"Sasa?"

"Anasema umezidisha. Anasema afande anataka kumwaga yeye kama maji."

Tulikwenda hivyo wiki tano. Paa likavuja, nikaliziba kwa gundi ya mpira. Nilikuwa nimejaribu kwanza kwa saruji, nayo ikapasuka juani kabla ya wiki kwisha. Alhamisi alitembea kwenda kliniki akimshika binti yake mkono. Miguu ikapungua. Niliona viatu vyake vimeachwa ngazini, vile vyeusi ambavyo zamani havikumwingia, nikamshukuru Mungu.

Kisha baridi ya mvua ikaanza, na ndipo nilipofikiria makaa. Mtu wa mlimani amezoea kulala na moto ndani ya nyumba. Lakini nyumba ya udongo inapumua juu, kwenye nyasi na mianya. Trela limezibwa kila upande. Ukiingiza sigiri yenye makaa mle na kufunga, hewa inageuka sumu isiyo na harufu, na mtu analala asiamke. Nilimwambia mke wangu kwa maneno hayo hayo. "Mwambie mama atakufa. Mwambie hivyo hivyo."

Akaitikia. Akaenda. Nikamwona akizungumza naye mlangoni kwa upole, akacheka kidogo, akarudi. Mimi nikajua kazi imekwisha.

Siku moja ya Jumanne mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa shuleni anakofundisha. Nilikuwa jikoni nikinoa jembe, nikainua macho dirishani, nikaona madirisha ya trela hayana mapazia. Nikashangaa. Mama mkwe kuishi bila pazia, mbele ya dirisha la mkwe? Ndipo nikaona kitu chekundu sakafuni. Sigiri. Mlango umefungwa, madirisha yamebanwa, na yeye kitandani amejilaza ubavu.

Nilitoka mbio hadi mlangoni. "Mama! Mama, fungua!" Nikagonga. Kimya. Nikashika komeo.

Nisikufiche kitu. Niliacha komeo. Miaka ishirini na sita nilibeba funguo za watu, nilifungua na kufunga milango ya chuma bila kufikiri, na mlango ule wa bati jembamba ukanishinda. Nikakimbilia kwa jirani kutafuta mwanamke, mwanamke yeyote, aingie badala yangu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kufuli. Ya pili akatoka mzee mwenye mafua. Ya tatu alikuwako msichana, akaniambia ngoja nitafute mwavuli.

Nikarudi bila yeye. Mlango ulikuwa umekazwa kwa ndani, nikachukua lile jembe jikoni, nikalichomeka, nikavunja. Nikaingia, nikambeba mama mkwe mikononi, nikamlaza kwenye majani, mvua ikimnyeshea usoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alitapika, akakohoa, akafungua macho. Aliponiona, akayafumba tena.

Mapazia niliyakuta mwishoni mwa kitanda, yamekunjwa vizuri, moja juu ya jingine. Jioni nikamwuliza mke wangu, "Ulimwambia nini hasa?" Akalia kabla hajajibu. Ilimwia vigumu kupeleka neno la kifo kutoka kwa mkwe kwenda kwa mama. Lingesikika kama namwapiza. Kwa hiyo akamwambia, "Mama, usiwashe sigiri ndani, moshi utachafua mapazia ya watu." Na mama, kwa heshima yake, akayavua mapazia kwanza, akayakunja, ndipo akawasha. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea, lakini nani angemfundisha mke wangu kumvua nguo mama yake?

Kwa kuwa nilimbeba, mbuzi wa kututakasa alichinjwa, wazee wa ukoo wake wakaja, wakasema maneno yao, mimi nikanyunyiziwa na yeye akanyunyiziwa, kila mmoja upande wake wa uani. Kwa wazee jambo likaisha. Kwa mama mkwe halikuisha. Nilikwishakanyaga mle, kwa hiyo trela lilikuwa nyumba ya mkwe sawasawa na nyumba yangu. Jumamosi alifunga nguo zake. Nilisimama nyuma ya tangi la maji nikisikiliza, nikiwa na majibu kumi na linalotakiwa hakuna hata moja. Ningeweza kununua jingine? Kwa fedha gani?

Kabla hajaondoka alimwachia binti yake maneno. Mke wangu alinipa yalivyo, safari hii hakuyapamba. "Ambia afande, siku ile mimi nilisikia yeye naita. Sauti mimi nilikuwa nayo kidogo. Mimi nilinyamaza."

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia yeye aliyenyamaza akiwa hai, nikamkasirikia mke wangu na upole wake, nikaukasirikia mlima mzima na adabu zake. Nilipomaliza wote nikabaki mimi, niliyeacha komeo nikaenda kugonga milango ya watu. Hasira hiyo haijapata pa kwenda.

Alhamisi ya kwanza alishuka kwa boda, akarudi. Alhamisi ya pili hakuonekana. Wiki iliyofuata mvua ilipiga siku tatu mfululizo, na Jumatano mke wangu akampigia simu. Nilikuwa kando yake. Nilisikia pumzi fupi ya mama mkwe ikikatakata maneno. Kwamba miguu imefika magotini. Kwamba halali ila ameketi. Kwamba si kitu, kesho kutwa jua litawaka. Mke wangu akaanza, "Mama, ni vizuri ukijaribu..." Akanitazama. Akanipa simu.

"Mwambie wewe," akasema.

Sijawahi kushika kitu kizito kama simu ile. Nikasema, "Mama. Ni mimi. Usiposhuka kesho kliniki utakufa."

Kulikuwa na mvua upande wake na mvua upande wangu. Kisha akaongea na mimi, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Nasikia, mtoto yangu," akasema. "Lakini mimi nitashuka na nini?"

Ningeweza kumweleza namna ya kusawazisha trela kwenye mteremko, na upepo unaofaa kuwamo kwenye matairi, na kwamba tairi lenye meno mazima huweza kuwa limeoza kwa uzee. Hakuna gari lililokuwa likipanda kule. Pikapu ya rafiki yangu ilikwama siku iliyotangulia chini kabisa, kabla hata ya kona ya kwanza.

Alhamisi mke wangu alikwenda kliniki peke yake, wakampa vidonge, na nesi akamwambia wazi kwamba vidonge havitoshi, mgonjwa mwenyewe aletwe. Nikavifunga kwenye karatasi ya nailoni, nikapanda kwa miguu. Nilianguka mara sijui ngapi. Nilifika alasiri, nina matope hadi kiunoni, nikamkuta ameketi kwenye benchi mlangoni kwake, miguu imewekwa juu ya gunia, imevimba hadi inang'aa. Nilisimama uani, mbali kidogo, kama ninavyosimama siku zote. Nikamwambia nimeleta vidonge. Nikamwambia na alivyosema nesi, yote, bila kupunguza.

Alinisikiliza akinitazama. Kisha akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akajivuta polepole upande mmoja, na kunipa nafasi ya kukaa.