Kinu Nyuma ya Nyumba

Barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi ilipangwa ipite kijiji cha Ulaya, kando ya majaruba ya mpunga, na kazi yangu ilikuwa kujua chini kuna nini bila kuchimba. Unapanga vihisio ardhini kwa mstari, mwenzako anapiga bamba la chuma kwa nyundo, nawe unasoma kwenye kompyuta mtetemo umechukua muda gani kufika kwa kila kihisio. Ardhi ngumu huupitisha upesi; tope huuchelewesha.

Kama tope lingekuwa na kina kirefu, barabara ingesogezwa upande wa juu, ipite kwenye nyumba ya bibi mmoja aliyeifyatulia matofali kwa mikono yake. Alilijua hilo. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaulizia wazazi wangu, safari, hata afya ya mwenye nyundo, kisha akaingia uani bila kuitaja nyumba.

Tulipiga asubuhi nzima. Vihisio vya mbali vilileta vurugu tupu, na pale nilipoweza kusoma, mtetemo ulichelewa mno. Mimi ni mwepesi wa hasira, na mwepesi zaidi wa kukata shauri. Nikaanza kuandika kwamba majarubani hapafai. Roho iliniuma, lakini niliandika.

Mwenzangu akaegemea nyundo. "Kaka, hebu sikiliza huko uani."

Bibi alikuwa anatwanga mpunga. Kinu kilikuwa hatua chache tu kutoka kihisio cha mwisho, na kila pigo la mchi lilifunika mwanzo wa mtetemo wetu. Mimi niliyesimamisha bodaboda na kufukuza ng'ombe sikukifikiria kinu. Nimekua nikiamshwa na sauti hiyo. Masikio yangu hayaihesabu kuwa kelele.

Nilipomwomba apumzike alikataa. "Mmeshinda juani," akasema, "mtakula nini?" Ikabidi nimweleze kwamba nyumba yake inategemea ukimya huo. Akaweka mchi chini, akakaa kwenye kigoda, mikono magotini.

Tukapiga tena. Mistari ikatoka safi: ardhi ngumu ilikuwa karibu tu chini ya majaruba. Nilifuta maneno yangu kwa furaha na aibu nyingi, nikaenda kumwambia kuwa barabara itabaki kule chini.

"Basi sasa niacheni nimalize," akasema, akaushika mchi.

Tulikula wali ule hadi ukoko. Kidogo tu nimbomolee nyumba kwa sababu alikuwa ananiandalia chakula.