Nyumba ya Simiti ya Wenye Mawazo Mengi

Kaunsili yenyewe sitaitaja. Si kwamba ninaiogopa, ila haistahili. Ilikuwa ni wanaume waliovaa koti saa saba mchana katika joto la kando ya ziwa, kalamu mbili mfukoni na hakuna la kuandika. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru walikuwa wakitenga fungu la hiki na fungu la kile, na siku moja wakagundua kwamba vijana nao wana akili, na kwamba akili yenyewe huweza kuugua. Wakatenga fungu. Mimi nilikuwa miongoni mwa vijana hao.

Tulikuwa wasichana wanne pale Kosele, shule imetushinda au imetunyima. Mimi mtihani niliupita, lakini karo ilikuwa ya mtu mmoja, na kaka yangu ndiye aliyekuwa na akili ya kuzaliwa mwanamume. Tangu siku ile moyo ukawa unanienda mbio bila sababu, usingizi ukanihama, na nyumbani wakasema ninaringa. Wenzangu kila mmoja alikuwa na lake. Aliyetukusanya alikuwa mama mmoja Mkuria, mke wa mwuza chumvi na mafuta ya taa sokoni. Hakutukusanya kwa ajili ya mawazo yetu. Mvua ilikuwa imebomoa ukuta wa jiko lake, na alihitaji mikono.

Kwa asiyejua kazi ile, niseme tu kwamba kusiriba ni kuchanganya udongo na mavi ya ng'ombe na maji, kisha kupaka ukuta kwa kiganja mpaka ulainike. Mnasimama mmesogeleana bega kwa bega, wote mmeukabili ukuta, na hakuna anayeweza kumtazama mwenzake usoni. Jumapili ya kwanza, sisi Wasabato tukiwa tumeshapumzika jana yake na Wakatoliki wakiwa misani, mmoja wetu akaanza kuzungumza. Alisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Aliuambia udongo, nasi tukawa hapo tu. Hakuna aliyemkatiza wala kumwambia pole. Mpaka aliponawa mikono ndipo tukamjibu. Hatukupanga iwe hivyo, lakini kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu: anayesema anaachwa aseme, na hajibiwi mpaka anawe.

Mama yule hakuwa mjinga. Ukuta ulipokuwa mzima na mvua imekataa kunyesha, tulimkuta Jumapili asubuhi anaukwangua kwa jembe, udongo mzuri kabisa unaanguka chini. Mume wake alimwuliza kama amerogwa. Akamwambia ukuta una mchwa. Hapakuwa na mchwa.

Mimi usingizi ulirudi kwa ukuta ule.

Halafu akaja mpwa wake. Aliletwa kutoka upande wa Isebania, ameketi juu ya magunia ya mahindi ndani ya lori, msichana wa umri wetu aliyekuwa ameshaolewa na kurudishwa. Tulichoambiwa ni kwamba alizaa, mtoto akafa, na tangu hapo hakusema neno kwa mtu yeyote. Wakwe walimrudisha kwa baba yake. Baba hakutaka kurudisha ng'ombe wa mahari, akamsukuma kwa shangazi. Dholuo chetu hatukukisikia kwake kwa sababu hakuwa nacho, na Kikuria chake hatukukisikia kwa sababu alikifunga. Tukaamua kuzungumza Kiswahili mbele yake, Kiswahili chetu cha kubahatisha, ili siku akitaka kuingia akute mlango uko wazi.

Alisiriba kuliko sisi sote. Jumapili ya tatu au ya nne akasema, "Maji zaidi." Tulitazamana kwa pembe ya jicho, hakuna aliyethubutu kugeuka. Baadaye ikawa, "Hapa kuna ufa." Maneno ya kazi tu, lakini ni maneno. Shangazi yake alikuwa akichambua mboga jikoni, akaenda nje kulia.

Hapo ndipo diwani wetu katika kaunsili ile alipopata habari zetu. Alikuja na afisa wa maendeleo, kijana aliyesoma mahali fulani na kurudi akiwa hawezi kukaa bila kitambaa cha kufuta vumbi. Walituita tutoke, mikono ikiwa imejaa udongo hadi viwiko.

"Nasikia hapa mnatuliza vijana wenye mawazo mengi," diwani akasema. "Dawa mnayotumia ni gani?"

"Hakuna dawa, Mheshimiwa," mama akajibu. "Wanasiriba tu."

"Na mwalimu wao ni nani?"

"Hakuna mwalimu."

Diwani akachungulia jikoni, akarudi ameshika pua. "Udongo na mavi ya ng'ombe! Na Uhuru tumepata!" Afisa akacheka, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kisha diwani akamwona yule mpwa. "Ndiye huyu asiyesema? Hebu sema kidogo, mama. Sema jina lako." Alimwinamia kama mtu anayemchokoza kasuku. Msichana akatazama chini, na Jumapili iliyofuata hakusema hata "maji".

Kwa haki niseme kwamba fungu lilitoka kweli. Ninawajua watu wanaodai viongozi wa zamani walikula kila kitu. Wetu hawakula, walifanya jambo baya zaidi, walijenga. Nyumba ilisimama karibu na soko, matofali, mabati, sakafu ya simiti, kuta za simiti zimelainishwa mpaka inzi anateleza, rangi ya kijani hadi kiunoni. Ndani waliweka mabenchi yakiielekea meza, meza ikatandikwa kitambaa, na nyuma ya meza kiti chenye mikono. Ukutani wakaandika kwa herufi kubwa: USIGUSE UKUTA. Nilisimama mbele ya maandishi hayo nikataka kucheka, nikashindwa, nikatema mate nje ya mlango.

Jikoni kwa mama tukakatazwa. Mkutano bila ruhusa, walisema. Badala yake tukawekewa msimamizi, shemeji yake diwani, mtu ambaye maishani mwake alikuwa ameshindwa kuchunga hata mbuzi wa kukodi. Aliketi kwenye kile kiti na kutunyooshea kidole mmoja mmoja. "Haya, wewe. Matatizo yako ni gani? Sema kwa sauti." Msichana anasimama, macho ya wote usoni pake. "Sina tatizo." "Vizuri. Kaa. Wewe?" "Sina." Kwa robo saa alikuwa ametuponya wote, akaenda zake kunywa chai. Mimi moyo ulianza tena kwenda mbio. Mikono nayo haikujua iende wapi, niliikalia.

Mpwa wa mama hakuwa akijibu hata hilo "sina". Siku za ufunguzi zilipokaribia, na mgeni wa heshima akiwa anatoka Homa Bay na gari lenye bendera, diwani akaingiwa na hofu. Mgeni angeuliza nyumba imemponya nani. Diwani akaenda kwa mama akamweleza bila aibu yoyote, nikiwa hapo napepeta mtama.

"Yule msichana akisema siku ya kufungua, amepona. Asiposema, yeye ni wa Nairobi, kwa wendawazimu. Lori la askari litamchukua Jumatatu. Hata mimi nasikitika."

Hakusikitika. Alikuwa na haja ya mfano wa kumwonyesha mgeni tu. Na sote tulijua mtu akipandishwa lori lile anarudi vipi, kama anarudi. Mama alimpigia magoti, mwanamke aliyemzidi umri, naye akamwambia inuka, inuka, utachafua nguo. Nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo mpaka leo haijapoa, na wala sijajaribu kuipoza.

Ikaja Jumapili ya ufunguzi. Ngoma za shule, watoto wamepangwa kwenye jua, kreti za soda chini ya meza zimefunikwa magunia yaliyolowa. Mgeni wa heshima akazungumza sana juu ya vijana kuwa taifa la kesho, akatoa jasho, akaketi. Diwani akainuka. Akaeleza kwamba kaunsili imetibu mawazo kwa njia ya kisasa, na kwamba sasa mgonjwa mwenyewe atasimama ashukuru. Akamshika mpwa wa mama mkono akamvuta mbele ya meza.

Msichana akasimama. Nyumba nzima ikamtazama. Nilimwona shangazi yake amefumba macho. Diwani akamnong'oneza, lakini sisi wa benchi la mbele tulisikia: "Sema asante."

Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akageuka polepole, akaukabili ule ukuta wa kijani, akaweka kiganja juu yake, juu ya maandishi yenyewe, akaanza kukisogeza kama anayesiriba. Hakukuwa na udongo. Kiganja kiliteleza. Akasogeza tena, na akaanza kusema, kwa Kikuria, sauti kavu iliyokaa muda mrefu bila kazi. Sentensi mbili. Labda tatu.

"Amesema!" diwani akapiga kelele. "Amesema, jamani! Amepona!"

Wakapiga makofi. Mgeni wa heshima alisimama akapiga makofi, afisa akapiga, msimamizi akapiga mpaka kiti kikaanguka. Ngoma zikalia. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza msichana amesema nini. Soda zikafunguliwa. Nilimtafuta mama kwa macho, nikamwona amejiziba mdomo kwa kanga, na nikajua kwamba yeye peke yake ndiye aliyeelewa.

Lori la askari liliondoka Jumatatu bila mgonjwa wetu. Alikuwa amepona kwa mujibu wa kaunsili, na diwani alipiga kampeni kwa makofi yale katika uchaguzi uliofuata, akashinda. Msimamizi alilipwa mshahara miaka kadhaa kwa kulinda nyumba tupu. Baadaye nilisikia wanaweka ndani yake mbegu za pamba. Mbegu angalau hazina mawazo.

Lakini siku ile ile ya ufunguzi, wao wakiwa bado wanakunywa, sisi tulimchukua msichana tukampeleka jikoni kwa shangazi yake, ruhusa au hakuna ruhusa. Mama alikuwa ametutangulia. Tulimkuta na jembe mkononi, ukuta mzima ameshaukwangua, na nguo zake za sherehe zimejaa vumbi. Tukachanganya udongo, tukajipanga, tukaanza.

Tulikuwa tumefika katikati ya ukuta msichana aliposema, safari hii kwa Kiswahili, kile kibovu chetu alichojifunza kwa kutusikiliza.

"Walimzika mtoto wangu mimi nikiwa nimelala. Hawakuniamsha."

Hakuna aliyepiga makofi. Tukaendelea kusiriba, bega kwa bega, naye akaendelea kusema, mengine nimeyasahau na mengine siyaandiki. Ukuta ulipokwisha akaenda kwenye karai, akanawa mikono taratibu, akaifuta kwenye sketi yake. Ndipo mkubwa wetu kwa umri akamgeukia na kumwuliza mtoto alikuwa anaitwa nani.

Akatuambia.