Mlokole na Nyayo za Laetoli

Ilianza Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, kwenye kikao cha klabu ya sayansi. Nilikuwa nimemaliza sala ya kufungua, maana kila kikao hunisimamisha mimi, hawaulizi tena. Nilipokaa, madam wa baiolojia akasema wiki ijayo tunawapeleka kidato cha kwanza makumbusho ya Oldupai, na mmoja wetu atasimama mbele ya nakala ya zile nyayo za Laetoli awaeleze wadogo zetu.

Nyayo zile nazijua: watu wa kale waliopita pale mamilioni ya miaka iliyopita, kwa miguu miwili kama sisi, mmoja mdogo kuliko mwenzake. Tangu kidato cha pili nasubiri mtu aniulize.

Madam akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemnyima mgonjwa nyama.

"Wewe nisikubebeshe dhambi. Ninyi walokole haya mambo hamyataki."

Wanaklabu wakacheka. Akamteua ninayekaa naye dawati moja, Mkatoliki wa kijiji cha Qurus anayesinzia vipindi vya dini. Sijui kusinzia huko ndiko kulikomfanya aonekane mtu wa sayansi.

Nilimwonea wivu. Niliionea wivu shingo yake ndefu, sweta lake lisilofumuka, sauti yake isiyotetemeka mbele za watu. Nikamwombea mafua. Mtoto wa mwinjilisti mimi, namwombea mtu mafua.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akanishika mkono.

"Mama Mchungaji," akaniita kwa jina la utani, "nisaidie bwana. Hizo nyayo ni za nani?"

Nikamweleza kwa mkato, nikiumia. Akacheka.

"Na wewe unaamini? Mimi hata siamini. Adamu aliumbwa mtu kamili. Nitawaambia tu anachotaka madam."

Nikamuuliza padri wao anasemaje. Akasema padri haoni ugomvi wowote kati ya nyayo hizo na imani, alishawafundisha hivyo kwenye kipaimara, lakini padri ni padri na yeye ni yeye. Hapo wivu ukanipanda upya. Amepewa asichokitaka, nami ninayekitaka nimeonewa huruma.

Nyumbani kwetu Endamarariek nilimkuta baba akipukuchua mahindi na bibi akichambua maharage. Nikawasimulia. Bibi akasema mwalimu amefanya vema, Mungu alimaliza kazi kwa siku sita, na mjukuu wake anaimba kwaya. Baba akasema siku za Mungu yeye hajawahi kuzipima, na jua lenyewe liliumbwa siku ya nne, sasa hizo tatu za mwanzo zilihesabiwa kwa kitu gani? Wakabishana kwa Kiiraqw mpaka mama akawaambia chakula kinapoa. Na Jumapili wote hao hukaa benchi moja.

Tulipokuwa tunanawa, baba akaniuliza, "Ulimwambia mwalimu kwamba unataka?"

"Hapana."

"Sasa angejuaje?"

Nililala na jibu jingine kabisa. Ningemwambia madam kwamba mteule wake haamini hata kidogo. Neno moja tu, na nafasi ingebaki wazi. Lilikuwa tamu mdomoni kama asali.

Asubuhi, wakati wa usafi, nilichota majivu ndoo nzima jikoni mwa shule, nikayamwaga mbele ya mlango wa ofisi ya walimu, nikayatandaza, nikanyunyizia maji kidogo. Nikavua viatu na soksi, nikapita juu yake polepole. Ninayekaa naye dawatini alikuwa anafagia pale karibu, akaacha kufagia. Madam alipofika akauliza nani amemchafulia mlango.

"Shikamoo, madam. Ni mimi."

Akayatazama majivu, kisha miguu yangu. Neno la jana usiku likaja mpaka kwenye meno. Nikalimeza, likashuka kwa shida.

"Mimi ni mlokole," nikasema, "na nafasi ile naitaka. Hukuniuliza."

Kisha nikamwonyesha nyayo zangu. Nikamweleza jinsi mlima ulivyotema majivu, mvua ikanyesha kidogo tu, wale watu wa kale wakapita na mdogo wao, jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Kengele ya mstarini ikagongwa. Wenzangu wakakimbia. Mimi nikaendelea kueleza.