Mkwe Kwenye Foleni

Wakati wa Mwingereza nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa tabibu, katika zahanati ndogo upande wa Mtinko. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu aliyenizidi umri, na tulifunzwa kazi ileile. Hata hivyo, sindano za buba, ule ugonjwa wa vidonda, nilichoma mimi peke yangu, kwa kuwa nilijiambia kwamba mkono wake ni mzito. Watu walifika tangu alfajiri, na waliokosa nafasi walinifuata nyumbani. Kufikia mavuno mkono wangu mwenyewe ulitetemeka, na mgonjwa akilia nilimkemea kabla ya kumtazama.

"Baba, siku moja utamvunjia mtu sindano mwilini," mke wangu alisema.

"Wagonjwa hawangoji."

Asubuhi moja mwenzangu aliingia akijizuia kucheka. "Mama mkwe wako yuko kwenye foleni. Anakohoa."

Kwa desturi yetu mtu hakai chumba kimoja na mama wa mkewe, sembuse kumshika mkono. Niliiweka sindano chini, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Mama yule alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, na wala hakuonyesha dalili ya kuwa na haraka.

Nilikaa nyuma ya ukuta nikisikiliza. Mwenzangu alikuwa ameanza kuchoma, na zamu ilikuwa ya mwanamke mmoja wa kijijini.

"Shangazi, geukia huko, sindano hii ina haya."

"Haya gani, na imeshaona mapaja ya Mtinko nzima!"

Watu wakacheka. Sikukumbuka lini niliwahi kusikia kicheko ndani ya chumba kile. Ndipo nilipotambua kwamba muda wote ule nilikuwa nikingoja akosee. Hakukosea. Nikasinzia palepale, na nilipoamka foleni ilikuwa imekwisha.

"Mama alikuwa anaumwa nini?" nilimuuliza mwenzangu.

"Kikohozi. Kilipona kabla sijafungua chupa."

Wiki iliyofuata, siku ileile, kikohozi kilirudi, nami nikatoka tena kwa mlango wa nyuma. Sikuweza kumuuliza mama mwenyewe, maana hatuzungumzi. Jioni ile nilimwambia mwenzangu kwamba kila wiki siku hiyo sindano ni zake, na wanaokuja kwangu nitawaelekeza kwake. Kisha nikamwomba mke wangu amwambie mama yake asijichoshe tena kwa safari.

"Nitamwambia," alisema. "Lakini siku hiyo atakuja hapa nyumbani, akae uani na wajukuu. Nawe hutatoka chumbani, si ndiyo desturi?"

Nilibaki chumbani, nikalala.