Vidudu vya Depo ya Mama Feza

Wiki iliyopita niliingia katika duka la mbegu kununua dawa ya mchwa. Muuzaji alipofungua kopo ili nione kwamba limejaa, nikatoka nje bila kununua. Si kwa sababu ya bei; bei nilikuwa nimekwisha kuishusha. Ilikuwa ile harufu: kavu, tamu kidogo, inayokaa nyuma ya koo kama vumbi la chaki. Mara ya kwanza kuinusa nilikuwa na miaka kumi, Kalemie, wakati wa Zaire, na siku mbili baadaye nilipiga magoti mbele ya muuza samaki kuomba msamaha kwa kosa ambalo, nawaambia ninyi leo, sikulifanya.

Nilikuwa na vinyonga wawili. Walikaa kwenye mlimao wa nyuma ya nyumba, niliouzungushia wavu mkuukuu wa kuvulia ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Dume nilimwita Komisere, kama mkuu wa wilaya yetu, kwa sababu naye alibadilika rangi kila alipopita mkubwa. Jike aliitwa Madamu. Majirani walikaa mbali na mlimao ule, maana kinyonga kwetu hana sifa nzuri, na hilo lilinifaa: hakuna aliyeiba malimau.

Shida ilikuwa chakula. Mwanzoni niliwapa panzi tu. Siku ya nne Madamu alimtazama panzi kwa jicho moja, jicho la pili akalielekeza kwa majirani, kama mtu aliyeletewa sombe ya majani ya muhogo asubuhi, sombe mchana na sombe jioni. Nikaelewa, nikaanza kuwapangia. Panzi niliwapata Jumamosi, siku ya salongo, watu wazima wa mtaa walipolazimishwa kufyeka nyasi za barabarani na panzi wakaruka mbele ya mapanga yao. Serikali iliniwindia bila kujua. Baada ya mvua kulikuwa na kumbikumbi, niliowapunguza kwenye beseni la Mama kabla halijafika jikoni. Nyenje walitoka chini ya mawe ya reli. Viwavi nilichagua laini, kamwe si wenye manyoya, na inzi wachache wa kuchangamsha kinywa. Kila kinyonga vidudu kumi kwa siku. Nilihesabu nikipokea na nikahesabu tena nikitoa, kwa sababu rafiki yangu Kasongo, niliyempa gololi ili aniletee nyenje, alikuwa na tabia ya kuhesabu mguu uliokatika kama nyenje mzima.

Kisha kiangazi kikafika, nyasi zikaungua, na menyu yangu ikakonda. Kiwanja tulichokaa kilikuwa cha Mama Feza, muuza ndakala. Sisi tulipanga vyumba viwili, Papa akiwa kazini Bendera kwenye mtambo wa umeme. Mama Feza alikuwa na depo hatua ishirini kutoka kwenye mlimao, imejaa magunia ya ndakala wakavu yanayongoja treni ya Kabalo. Samaki wakavu wana vidudu vyao, vyeusi na vigumu. Nikapatana naye: nifagie depo kila Alhamisi, vidudu viwe vyangu. Aliona amenipunja. Mimi niliona vilevile kwa upande wangu.

Alhamisi ya tatu sikuhitaji kukimbizana navyo. Vililala chali katika unga mweupe, wenye ile harufu, vikitikisa miguu polepole. Kinyonga hali kitu kisichotikisika, kwa hiyo nilifurahi: havijafa, na havikimbii. Vyote kumi nilimpa Komisere. Madamu alikuwa na mayai tumboni, na yeye nilimwekea viwavi wa mwisho niliowaokota kando ya bomba. Jumamosi asubuhi Komisere alikuwa chini ya mlimao, mweusi upande mmoja, mdomo wazi.

Mama Feza hakungoja kuulizwa. Alisimama uani, mikono kiunoni, akatangaza mbele ya majirani kwamba mimi ndiye niliyemuua.

“Munyama anakula kitu moja. Wewe unamuchanganyia kama bibi arusi, leo hii, kesho ile. Njo tumbo yake imeharibika.”

Na yule aliyebaki, akasema, aondoke kiwanjani mwake siku hiyohiyo, la sivyo atamkata kwa panga yeye mwenyewe.

Hasira ikanipanda. Nikahesabu kwa vidole mbele ya wote. Panzi walikula wote wawili. Nyenje, wote wawili. Inzi, viwavi, wote wawili. Hata vidudu vya depo walikula wote wawili, Alhamisi mbili, na hawakuumwa. Ila vya Alhamisi hii, vyenye unga mweupe, alikula Komisere peke yake.

“Mama Feza,” nikasema, “ule unga njo nini?”

Mama Feza akashusha mikono. Hakunitazama mimi; alimtazama Mama.

“Mama Riziki, mutoto wako anasema samaki yangu iko na sumu. Leo mutalala wapi?”

Mama alinishika bega akanisukuma chini mpaka magoti yakagusa changarawe. Nikaomba msamaha. Mama Feza akasema hajasikia, nikaomba tena. Mara mbili, hata hizo nilihesabu. Madamu nilimpeleka ng'ambo ya reli, nikamweka kwenye kichaka, naye akaondoka bila kunigeuzia hata jicho moja, ingawa anayo yanayogeuka kote. Kuonyesha kwamba mambo yamekwisha, Mama Feza alituletea bakuli la ndakala.

Ndakala wale Mama aliwaosha kwa maji ya moto mara tatu. Zamani aliosha mara moja, na maji yake akamwagilia lengalenga, mchicha wetu, bustanini. Tangu siku ile aliyabeba hadi chooni, mbali na kuku. Nilidhani ni usafi.

Nilikuwa mtu mzima, nikingoja treni Kabalo, nilipomwona mfanyabiashara mmoja akinyunyizia magunia ya samaki unga mweupe wenye harufu ileile kwa mkono mtupu, kama anayetia chumvi. Nikamwuliza ni nini. Dawa ya kunyunyizia pamba, akasema bila aibu. Wadudu hawagusi tena. Nikarudia hesabu yote pale stesheni, na safari hii nikamkuta Mama ndani yake. Alikuwa amenielewa palepale uani, kabla sijamaliza vidole. Alichagua paa juu ya vichwa vyetu.

Msamaha ule naudai mpaka leo, na Mama Feza amekwisha kufa, kwa hiyo hautarudi. Mama nimemsamehe, si bila ubishi. Kilichobaki ni Jumatatu ile, nilipokwenda na magoti yaliyochubuka kuangalia magunia yakipanda behewa. Yalikuwa kumi na manne. Kwetu tulikuwa watu sita, na samaki wetu walioshwa mara tatu. Huko Kabalo, huko Manono, nani aliwaambia waoshe? Mama alijua, akanyamaza. Na mimi niliyeuliza mara moja mbele ya watu wote, baada ya changarawe ile sikuuliza tena.